Kidoa Asilie

Paukwa.
Pakawa.
Uongo umebisha hodi.
Ukaribishe ndani.
Na ukweli umekuja nyuma yake.
Ukae barazani, usubiri.
Usubiri mpaka lini?
Mpaka uongo ushibe.

Basi sogeeni. Mwenye mtoto amwachie kifuniko cha sufuria achezee, tupate kusikilizana.

Hapo kale wanyama walikuwa wakifanya mikutano kama sisi, na kama sisi walikuwa wakipiga makofi kabla hawajasikia kilichosemwa. Siku hizo alikuwako Chui. Chui alikuwa na nguvu. Chui alikuwa na meno. Chui alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, jina lake Kidoa, hata miaka miwili hajatimiza, ndiyo kwanza amejua kutembea na kuangusha vitu.

Mama yake Kidoa hakuwepo. Aliaga kwamba anakwenda matangani kwao, ng'ambo ya mto, na mpaka leo matanga hayo hayajaanuliwa. Na aliyekufa hakuna anayemjua jina. Mimi simo, nasema nilivyosikia.

Chui akabaki na mtoto. Zamani alikuwa akimwona Kidoa amelala tu, akimsifu, "Mtoto mtulivu huyu, kanifuata mimi." Sasa akamwona akiwa macho. Kidoa akaamka kabla ya jogoo. Kidoa akavuta masharubu ya baba. Kidoa akamwaga maji. Kidoa akala mchanga. Akanyang'anywa mchanga, akafungua kinywa.

Weeeee.

Kilio hicho, ndege walihama mti. Na Chui ni mtu wa kulala mchana na kuwinda jioni. Siku ya nne, macho mekundu kama pilipili, akaitisha mkutano.

"Ndugu zangu," akasema, "mtoto si wa mzazi mmoja. Mtoto ni wa jamii."

Wanyama wakapiga makofi, pwa pwa pwa.

"Kwa hiyo kuanzia kesho jamii itamchezesha mwanangu kwa zamu. Mimi nitapumzika niwaze maendeleo."

Pwa pwa pwa.

"Na atakayemliza mwanangu, nitamchukua mwanawe."

Pwa. Makofi yakakatika.

Nyati akajikohoza. "Lakini Bwana Chui, mtoto ni mtoto. Akijikwaa tu analia. Kuna kulia na kulia."

"Kasuku atahesabu," akasema Chui. "Akinyamazishwa kabla ya kumi, nimesamehe. Ikifika kumi, sina msamaha."

"Kwa nini kumi?"

"Kasuku anajua mpaka kumi."

Kasuku alikuwa karani wa mkutano. Hakujua kuandika, ila alichosikia hakikumtoka kichwani, na alikisema vilevile kilivyosemwa, na kikohozi chake.

"Watoto nitakaowachukua," akaendelea Chui, "nitawaweka kwenye zizi uani kwangu, wale, wanenepe. Siku Kidoa atakapotimiza miaka miwili tutafanya karamu."

Hapo hakuna aliyeuliza wataandaliwa nini.

Sasa nyuma kabisa ya mkutano, juu ya jiwe, alikuwa amekaa Bi Pimbi. Mnamjua Pimbi? Mnyama wa majabalini, anaenea kwenye kikapu cha sokoni na nafasi ikabaki, na mkia hana. Bi Pimbi alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja, Kokoto, umri sawa na Kidoa. Kazi yake ilikuwa kukaa juu ya jiwe kutwa, akiota jua na kutazama nyumba za watu. Watu waliita umbea. Yeye aliita kuota jua.

"Samahani, Bwana Chui," akasema. "Mimi sikusoma, nieleweshe. Huyo atakayemliza mtoto, ni yeyote?"

"Yeyote."

"Hata mwenye pembe?"

"Hata mwenye pembe."

"Hata mwenye madoa?"

Vichwa vyote vikageuka kumtazama Chui. Na mkubwa akitazamwa na watu wengi hivyo, maneno madogo humkimbia.

"Hata mimi mwenyewe," akasema Chui, kifua mbele. "Sheria haina mkubwa. Naapa kwa madoa yangu."

Lo, wakapiga makofi mpaka vumbi. Maana kiapo cha madoa si mchezo. Chui akikivunja, madoa yanamtoka moja moja, anabaki kama paka wa jirani. Hakuna aliyewahi kuona kwa macho, lakini kila mtu alikuwa na shangazi aliyewahi kuambiwa.

Siku ya kwanza, zamu ya Nyati. Nyati alikuwa na uwezo, na alitaka uwezo wake uonekane. Akaja na gari la mti, lina magurudumu manne na rangi tatu, limewekwa ndani ya kikapu. Kidoa akalitoa gari. Akalitupa. Akaingia kwenye kikapu, akakaa, akatoka, akaingia, akacheka mwenyewe.

"Gari hili nimelihangaikia siku tatu," akasema Nyati, "nawe unachezea kikapu?" Akamtoa mtoto kikapuni, akampa gari mkononi.

Weeeee.

"Moja," akasema Kasuku mtini. Nyati akasukuma gari. "Tano." Nyati akapiga honi kwa mdomo. "Nane." Nyati hakuwaza kumrudishia kikapu. "Kumi."

Chui akatoka ndani. "Hrrr-kha. Hrrr-kha. Nani kamliza mwanangu?"

Ndama wa Nyati akaingia zizini.

Siku ya pili, zamu ya Tumbili. Tumbili akaruka tawi mpaka tawi, akajipindua hewani, akatua kwa mkono mmoja. Kidoa akacheka mpaka akakaa chini.

"Tena," akasema Kidoa.

Tumbili akaruka tena, akafurahi, msanii amepata mtazamaji.

"Tena."

Akaruka tena.

"Tena."

Mara ya thelathini na moja, tawi likasema kacha, Tumbili akasema puu, akalala chali akitazama mawingu.

"Tena," akasema Kidoa. Akangoja. Akafungua kinywa.

Weeeee. Kumi. Hrrr-kha. Mtoto wa Tumbili akaingia zizini.

Siku ya tatu, zamu ya Swala. Swala alikuwa mtu wa matembezi. Akasema mtoto kufungiwa ndani ndiko kunakomfanya alie, mtoto apelekwe akaone dunia. Akamchukua Kidoa kwenda kumwonyesha maporomoko ya maji. Hatua kumi kutoka mlangoni Kidoa akamwona siafu amebeba ubawa wa nzi. Kidoa akachuchumaa.

"Twende mwanangu, kuna maporomoko."

Kidoa anatazama siafu.

"Maji yanaanguka kutoka juu, shaa, povu jeupe."

Kidoa anatazama siafu.

"Tutachelewa," akasema Swala. Maporomoko yapo tangu dunia kuumbwa, lakini Swala aliona watachelewa. Akamvuta mtoto mkono.

Weeeee.

Mtoto wa Swala akaingia zizini. Mpaka leo Swala akipita pale husema siku ile mtoto alikuwa na homa tu.

Siku ya nne ilikuwa zamu ya Bi Pimbi. Siku moja kabla ya zamu hiyo akaja jirani yake, Mama Ngiri, amejitanda khanga mpaka usoni.

"Shoga, nimekuja kukupa pole."

"Pole ya nini, na zamu yangu bado?"

"Ndiyo hiyo. Nikajisemea nije mapema, watu hawajajaa." Macho ya Mama Ngiri yakateremka kwenye mkeka mdogo, Kokoto amelala juu yake, kidole mdomoni. "Ukindu mzuri huu, shoga. Mwanangu hana mkeka."

"Kokoto bado anaulalia."

"Leo anaulalia. Mimi nasema kesho."

Bi Pimbi akauvuta mkeka karibu yake. Asubuhi akamfunga Kokoto mgongoni, akachukua sufuria iliyotoboka, mwiko na khanga ya kuukuu, akaenda.

Chui akamtazama mlangoni. "Nyati alileta gari. Wewe umeleta nini?"

"Sufuria, Bwana."

"Imetoboka."

"Ndiyo, Bwana."

"Na mwanao umekuja naye kabisa," akasema Chui, akilamba mdomo. "Umenipunguzia safari." Akaingia ndani kulala.

Sasa Bi Pimbi siku zote tatu alikuwa jabalini akiota jua. Aliona kikapu. Aliona tena na tena. Aliona siafu. Aliyeitwa mmbea alikuwa ndiye pekee aliyemtazama mtoto. Wengine walikuwa wakitazama zawadi zao, na miruko yao, na safari zao.

Akaweka sufuria chini, akakaa, asiseme kitu. Kidoa akaja. Akashika mwiko. Tang. Akamtazama Bi Pimbi. Tang tang. Bi Pimbi akaitikia kwa makofi, pa pa. Basi ikawa ngoma, tang tang, pa pa, na Kokoto akicheza katikati kwa matako.

Walipochoka, sufuria ikatiwa maji. Yakavuja kwenye tundu, chururu. Kidoa akajaza kwa kifuu. Yakavuja. Akajaza. Yakavuja. Asubuhi nzima ikaishia hapo, na mtoto akatota, na hakuna aliyemwambia usitote. Baadaye wakatoka matembezi. Wakafika hatua kumi. Siafu alikuwepo. Wakachuchumaa wote watatu, na Bi Pimbi akamuuliza siafu habari za nyumbani.

Kurudi, Kidoa akajikwaa, akabwagika, akaona damu kidogo ya goti.

Weeeee.

"Moja," akasema Kasuku.

Bi Pimbi akageuka kumtazama mwanawe. Kokoto alikuwa amesimama pale pale, ameshika sufuria.

"Mbili. Tatu. Nne."

Bi Pimbi akajifunika khanga kichwani. "Bimbi yuko wapi?" Maana Kidoa ulimi ulikuwa mzito, alimwita Bimbi.

Weeeee. "Tano. Sita."

"Bimbi hayupo. Bimbi kaondoka. Tumtafute wapi?"

Kilio kikapungua kidogo. "Saba."

"Chini ya mwiko hayupo."

"Nane."

Kidoa, machozi mashavuni, akanyoosha kidole akaivuta khanga. "Mekuona," akasema. Akacheka. Kamasi zikamtoka puani kwa kicheko.

Kasuku akafunga mdomo.

Jioni Chui akaamka amelala vizuri, mara ya kwanza tangu mkewe aende matangani. Akajinyoosha. "Mama Kokoto, wewe fundi. Wengine nimewafuta kwenye zamu. Utakuja wewe kila siku."

"Na sheria, Bwana?"

"Sheria iko palepale. Karamu imebakiza siku saba. Nina ndama, nina tumbili, nina swala." Akamtazama Kokoto kama mtu anayetazama nafasi kwenye sinia. "Hapa pembeni panapwaya kidogo."

Bi Pimbi akarudi kwake akiwaza. Leo nimeshinda. Kesho nitashinda. Lakini mtoto ataota jino la nyuma, na jino likiuma hakuna khanga wala siafu. Siku hiyo Kokoto amekwenda. Basi kazi yangu si kumchekesha mtoto. Kazi yangu ni kumpa babake zamu.

Kesho yake akampeleka Kidoa uani, zizini. Wakaingia. Ndama akafanywa farasi. Mtoto wa Tumbili akawa mpishi wa udongo. Mtoto wa Swala akakimbizwa, naye alijua kukimbia polepole, akamatwe. Jioni Kidoa alikuwa amewashika wote watatu mikia, anasema, "Wangu." Chui akachungulia, akaona wanakula na kuruka, akasema vizuri sana, nyama ikichangamka inalainika.

Siku iliyofuata, mchezo wa majani. Bi Pimbi akajificha kwenye nyasi ndefu, tumbo chini, masikio chini. Kidoa akamtafuta. "Mekuona." Na kila akiona anapiga sufuria, tang. Akajificha mbali zaidi, kimya zaidi. "Mekuona," tang. Mpaka jua linateremka mtoto yule alikuwa na jicho, panzi hajifichi.

Siku iliyofuata tena, Bi Pimbi akamwambia, "Mimi najificha vibaya. Unamjua anayejificha vizuri kuliko wote?"

Kidoa akatingisha kichwa.

"Baba. Kila jioni anakwenda kujificha kwenye majani. Hajapata mtu wa kumtafuta."

Macho ya Kidoa yakawa makubwa.

Na kesho yake hakucheza naye kabisa. Alimbembeleza alale. Akalala asubuhi, akalala adhuhuri, akalala mpaka alasiri imechuja. Wazazi mlio hapa mnajua hiyo ni silaha ya namna gani. Kisha Bi Pimbi akaaga akaenda zake, akapanda jabalini kuota jua lililobaki.

Jioni Chui akajinyoosha, akaenda mlangoni kwa ncha za vidole, kama baba yeyote anayetaka kutoka bila kuonekana.

"Nje," akasema Kidoa nyuma yake. Alikuwa macho maangavu.

"Baba anakuja sasa hivi."

Uongo huo watoto wanaujua tangu tumboni.

Weeeee.

"Moja," akasema Kasuku.

Chui akacheka. "Unamhesabia nani? Bi Pimbi amekwisha kwenda."

"Mbili."

"Kasuku, nimesema amekwenda."

"Tatu. Hata mimi mwenyewe. Sheria haina mkubwa. Naapa kwa madoa yangu. Nne."

Chui akageuka akatazama ubavu wake. Madoa yalikuwepo. Akahisi moja linamwasha. Tena akafikiri: atakayemliza, achukuliwe mwanawe. Na mwana wa Chui ni nani? Ni huyu hapa, kamasi puani.

"Saba. Nane."

"Basi twende. Twende nje na baba. Nyamaza."

"Fulia," akasema Kidoa.

"Nini?"

"Anataka sufuria," akasema Kasuku. "Tisa."

Chui, mla watu, akatoka kwenda kuwinda amebeba mtoto mgongoni na sufuria mdomoni.

Wakafika mbugani. Pundamilia wanakula. Chui akamweka mtoto chini, akaingia kwenye nyasi, tumbo chini, masikio chini, kimya kama kivuli.

"Mekuona, Baba." Tang.

Pundamilia wakaondoka, vumbi, vruuu.

"Tena," akasema Kidoa.

Chui akahamia bondeni. Kongoni wanakunywa maji. Tumbo chini, masikio chini.

"Mekuona." Tang tang. Kongoni vruuu.

"Tena."

Akahamia kichakani. Huko alikuwako kanga mmoja tu, tena kiziwi. Naye aliisikia sufuria.

Kesho yake hivyohivyo. Kesho kutwa hivyohivyo. Chui akimwacha mtoto, Kasuku anahesabu. Akimchukua, sufuria inahesabu. Akimnyang'anya sufuria, Kasuku tena. Mchana halali, maana Bi Pimbi aliingia asubuhi, akamlaza Kidoa mapema, akatoka. Kidoa akiamka anamkuta baba. Chui akawa farasi. Chui akawa ngoma. Chui akajifunika khanga kichwani, akauliza yuko wapi. Akakonda, mbavu zikaonekana chini ya madoa. Akala uji aliobakiza mtoto, kama wanavyokula mama zenu wote, na wao hawakuitishiwa mkutano.

Siku moja njaa ikamzidi. Akasema, karamu ni kesho, lakini tumbo ni leo. Akaenda zizini, akamshika ndama shingo.

"Wangu," akasema Kidoa mlangoni. Mdomo ukaanza kupinda.

Chui akamtazama ndama. Akamtazama mtoto. Juu ya mti Kasuku alikuwa akisafisha koo.

"Baba anamkumbatia tu," akasema Chui. Akamkumbatia ndama, mate yakimchuruzika, mpaka Kidoa akaridhika.

Siku ya karamu wanyama wakaja, kila mmoja na moyo wake mkononi. Nyati alikuja, Tumbili alikuja na mkono kwenye bendeji, Swala alikuja. Mama Ngiri alikuja mapema akakaa karibu na sinia. Sinia lilikuwa tupu. Chui akasimama mbele, akiegemea mti, na Kidoa amempanda shingoni.

"Ndugu zangu," akasema, sauti kama karatasi. "Nimewaza maendeleo. Nimeona sheria ile ina kasoro. Mtoto ni wa mzazi wake. Napendekeza tuifute."

Hakuna aliyepiga makofi. Walikuwa wamejifunza kusubiri.

"Samahani, Bwana Chui," akasema Bi Pimbi juu ya jiwe lake. "Mimi sikusoma, nieleweshe. Sheria ikifutwa, walio zizini watakuwa wamefungwa na nini?"

Chui akafikiri. Njaa ilimsaidia kufikiri haraka. "Hawatakuwa wamefungwa na kitu."

"Basi tufute," akasema Bi Pimbi.

Pwa pwa pwa pwa pwa. Zizi likafunguliwa. Ndama akakimbia kwa Nyati, mtoto wa Tumbili kwa Tumbili, mtoto wa Swala kwa Swala, wamenenepa hao, wamejaa udongo. Kidoa akaona wenzake wanaondoka. Mdomo ukapinda.

Weeeee.

"Mo—" akaanza Kasuku, kisha akakumbuka sheria imefutwa, akanyamaza. Lakini Chui tayari alikuwa amepiga magoti. "Baba farasi, mwanangu. Panda. Baba farasi." Akazunguka sinia tupu kwa miguu minne, hiii hiii, mbele ya wananchi wote, mara tatu, na hakuna aliyemwamrisha.

Wanyama wakatazamana. Hofu yao yote ya Chui ikawatoka hapo hapo kama maji kwenye sufuria ile.

Baada ya mkutano Chui akamfuata Bi Pimbi jabalini, polepole. "Mama Kokoto. Nimeshindwa. Nifanye nini?"

"Mama yake yuko wapi?"

"Matangani."

"Nenda kampe pole ya msiba," akasema Bi Pimbi. "Na ukifika, usianze na maendeleo. Anza na samahani."

Chui akamchukua mtoto, akachukua sufuria, akashika njia ya ukweni. Ni mwendo wa nusu siku. Alipofika hatua kumi kutoka mlangoni, Kidoa akamwona siafu. Chui akatazama jua. Akatazama njia. Akachuchumaa. Wapita njia wanasema hajafika mpaka leo, na siku hiyo walimsikia akimuuliza siafu habari za nyumbani.

Na Bi Pimbi? Alirudi kwake akamweka Kokoto kwenye mkeka wake wa ukindu. Kokoto akatafuta sufuria, sufuria imekwenda ukweni. Akamtafuta Kidoa, Kidoa amekwenda na sufuria. Weeeee. Bi Pimbi akajifunika khanga, wapi. Akapiga makofi, wapi. Aliyemnyamazisha mtoto wa Chui akashindwa na wa kwake, mpaka Mama Ngiri akapaza sauti kutoka ng'ambo, "Shoga, huyo mtoto mchezeshe basi, watu tunataka kulala."

Uongo umeshiba, unaaga.
Usindikizeni mpaka mlangoni.
Na ukweli uko barazani bado.
Mwenye nafasi kwake auchukue.

Funzo la hadithi hii, wanangu, ni kwamba mtoto asichezeshwe. Mchezo unaharibu baba wa watu. Mtoto akililia nje, mfungie ndani. Akicheza na kikapu, mpe gari. Akichuchumaa njiani, mvute mkono, maporomoko yatawakimbia. Mpe simu atulie, wewe uje hapa tuendelee na habari ya yule aliyekwenda matangani. Nimesikia aliyekufa yu hai.